Mgeni Mmoja Kutoka Hispania

Sivokamen,
Jumanne, 30 Aprili

Mdogo wangu Rusi,

Pokea salamu za nyumbani, na baada ya salamu nakuuliza hali. Mgongo umepoa, au bado unaendesha lori huku umejifunga ule mshipi wa sufi aliokufumia mama? Pilar hajambo? Na wale mapacha, wameanza kutembea au bado wanakalishwa? Mimi nashukuru, sijambo, ila usingizi unanikataa na nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja tu, upande wa kulia. Bibi Minka anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba siku ya mazishi alikuona umekonda, na kwamba yeye alishajua tangu zamani kuwa Wahispania hawajui kupika.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii kabla ya kuifungua. Barua ya karatasi, tena nene, na simu zote mbili tunazo. Lakini kuna neno siwezi kulisema huku nikisikia pumzi zako upande wa pili. Nilijaribu mara tatu wiki iliyopita. Mara ya kwanza ukapokea, nikakuuliza habari za mvua nikakata. Karatasi afadhali. Ukishaitia kwenye sanduku la posta imekwenda, hakuna anayekuuliza mara ya pili kama kweli unataka iende.

Habari za huku si nyingi. Mwaka huu sipaki mayai ya Pasaka rangi kwa sababu nyumba ina msiba. Mizabibu imechipua vizuri, baba aliipogoa mwenyewe kabla ya kutuacha. Kijiji tumebaki watu hamsini na wanane, nikijihesabu na mimi ambaye nalala mjini siku tano za wiki. Matangazo ya kifo cha baba bado yapo kwenye lango, kwenye nguzo ya umeme na kwenye mlango wa duka. Mvua imeyalainisha lakini uso wake pichani unaonekana. Arobaini yake tutaifanya Jumamosi, tarehe kumi na nane Mei. Nitapika ngano ya marehemu mimi mwenyewe, na nitabandika matangazo mapya kama desturi inavyotaka. Hilo la arobaini nitalirudia huko mwisho.

Sasa nianze. Nitakwenda polepole, unisamehe nikikusimulia na unayoyajua, maana bila kuyapanga yote sitafika.

Unajua blogu ya mzee ilivyoanza. Baada ya kumzika mama, na baada ya yale aliyokuambia langoni mbele ya watu, nyumba ilikuwa kimya mpaka inatisha. Ulifika siku mbili baada ya kaburi kufunikwa, umetoka Uswidi na lori bila kulala, mkate wa marehemu umeushika mkononi, na yeye akakuambia, “Umechelewa. Rudi ulikotoka.” Ukaweka mkate juu ya nguzo ya lango ukaondoka. Nilimkasirikia siku nyingi. Ndipo nikamnunulia ile kompyuta nikamfungulia ukurasa, ili awe na mahali pa kupeleka maneno yake badala ya kuyageuza kuwa sumu. Kila Ijumaa aliandika: Kosta wa kinu alivyomwoa shemeji yake, kisima kilivyokauka mwaka wa nzige, jinsi mama alivyokuwa akikanda banitsa yake ya jibini huku akigombana na redio. Watu wa Sivokamen waliotawanyika Ujerumani, Ugiriki na Uingereza walikuwa wakimsoma na kulia.

Jambo ambalo nadhani hujui ni kwamba alikuwa anakuona. Palikuwa na mahali panapoonyesha wageni wa blogu na nchi walizotoka, na baba alipapenda kuliko runinga. Kila Ijumaa jioni alipata mgeni mmoja kutoka Hispania. Mmoja tu, na hakuandika neno hata siku moja. Baba hakutaja jina lako kwa miaka sita, lakini alinipigia simu kila Jumamosi asubuhi na, baada ya kuzungumza habari za kuku na dawa zake za presha, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, “Mhispania alikuja jana.” Ijumaa moja ulipochelewa, aliniuliza kama kuna ajali barabara za huko. Nikamwambia apige simu aulize. Akaniambia nisimfundishe kazi.

Basi hivyo ndivyo mlivyoishi, wewe na yeye, ninyi wanaume wawili wenye vichwa vya mawe. Mlizungumza bila kuzungumza. Mimi nilikaa katikati, na nilichoka, Rusi. Hilo nataka ulijue, ingawa silileti kama utetezi.

Mwezi Oktoba nilimtembelea, nikafungua kompyuta yake nimlipie umeme. Juu ya ukurasa wake wa kuandikia palikuwa na tangazo jekundu likidai kwamba ukurasa ule umezeeka, tuhamie mpya. Lilikuwa linaniudhi kila nikija. Nikabonyeza kukubali, kama mtu anayefukuza nzi, nikarudi mjini na basi la saa kumi.

Ule wa zamani ulikuwa karatasi moja nyeupe. Mzee aliandika kutoka juu mpaka chini, akabonyeza kitufe cha buluu, akafunga kompyuta, akaenda kujimiminia glasi ya rakia. Huu mpya hauna karatasi. Una visanduku. Kila aya ni kisanduku chake, picha kisanduku chake, kichwa cha habari kisanduku chake, na kila ukishuka mstari kinazaliwa kingine. Ijumaa ile ile alinipigia akiwa moto. “Zdravka, umeniletea nini ndani ya nyumba? Kila aya imefungiwa chumbani peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza!” Nikamwambia ni mtindo wa kisasa, atazoea. Akasema amepanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha chapa cha wilaya miaka thelathini na minane, habari za vipande asifundishwe na mtu. Kipande cha risasi ukikiweka kinatulia, hivi nilivyomletea vinakimbia kama kuku walioona mbweha.

Na kweli vilimkimbia. Alilalamika kwamba mkanda wa vitufe unaruka na kukaa juu ya mstari alioandika sasa hivi, asione alichosema. Siku nyingine aliteua maneno kuanzia katikati ya aya moja hadi katikati ya inayofuata, visanduku vyote viwili vikawa buluu, akagusa kitufe kimoja, vikapotea. Hakujua kwamba kuna mshale wa kurudisha. Aliandika upya yote kwa kukumbuka, saa tatu nzima, na macho yake yale.

Halafu kile kistari cha mshazari. Wazee wetu wote walijifunza kwenye mashine za chapa zisizo na mabano, na mpaka leo neno la kando wanalifunga kwa vistari viwili vya mshazari. Baba hakuwa na namna nyingine ya kuandika. Sasa akianza aya kwa kistari hicho, ukurasa mpya ulidhani anaagiza kitu, ukamshushia orodha: picha, video, jedwali, safu. Alitaka kuandika /haya aliniambia Kosta mwenyewe/ akajikuta ana jedwali la safu mbili katikati ya hadithi, na hajui kulifukuza. Nilicheka simuni. Akasema, “Cheka tu. Siku utakayozeeka watakupa kijiko kinachoomba nenosiri.”

Nakuandikia haya yote uone kwamba alihangaika na hakuacha. Kila Ijumaa aliketi, akapigana na visanduku, akamaliza. Kila Ijumaa jioni alinipigia kuniuliza maswali mawili. La kwanza: umeisoma? Nilimjibu kwamba nimeisoma, baba, nzuri sana. La pili, kwa sababu kwenye mpangilio mpya hakupaona tena pale mahali pa wageni: Mhispania amekuja? Nilimjibu kwamba amekuja.

Mwanzoni mwa Machi sauti yake ilibadilika. Alinipigia Ijumaa saa za mchana akasema ameandika kitu kirefu, na safari hii nisimdanganye, anataka kujua kama kweli Mhispania amekisoma. Nilikuwa kazini, foleni ya watu dirishani, mwanamke mmoja ananipigia kelele kwa sababu ya cheti. Nikamwambia ndiyo baba, amesoma, nimeona. Akauliza, “Una hakika?” Nikasema nina hakika. Akasema vizuri, akakata.

Jumapili ya Msamaha, kabla ya mfungo, nilikwenda kwake kama kila mwaka. Nilimkuta amenyoa ndevu na amevaa lile shati la harusi yangu. Chumba chako alikuwa amekipaka chokaa. Mezani kulikuwa na sahani tatu, mayai, na banitsa ambayo Bibi Minka alimpikia baada ya kusumbuliwa tangu Alhamisi. Juu ya meza alikuwa ametundika uzi na kipande cha halua nyeupe, yenye kokwa za jozi, kama mama alivyokuwa akitutundikia tukiishindania kwa midomo, mikono nyuma, hata siku moja ukaniuma pua badala ya halua. Nikamuuliza sahani ya tatu ni ya nani. Akaniambia nikae, nisiulize kama polisi.

Nikambusu mkono, nikamwambia nisamehe baba, akaniambia umesamehewa. Kisha tukakaa. Hakula. Kila gari lilipopita barabarani aliinua kichwa, na unajua ni magari mangapi hupita Sivokamen. Saa moja na nusu jioni alisimama, akafungua uzi, akaishika ile halua kiganjani. Akasema, “Basi.” Neno hilo moja tu, halafu akaanza kukusanya sahani. Nilidhani ni uzee. Nilimwachia vyombo nikawahi basi.

Wiki tatu baadaye Bibi Minka alimkuta jikoni, kitini, kahawa imepoa mbele yake. Daktari alisema ni moyo.

Ulikuja kumzika. Ulisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Watu walipopita kumbusu paji la uso hukupita. Ulitupa udongo wako, ukageuka. Nilikufuata mpaka langoni nikakuambia maneno makali, kwamba hata maiti unainunia, na ukanijibu kwamba mzee aliacha kuandika tangu Oktoba ili usipate hata harufu yake, kwamba alijua unasoma na ndiyo maana akafunga. Nilikuona kama mwendawazimu. Nilitaka kukuambia mbona kila Ijumaa anaandika. Lakini basi lilikuwa limefika, ukapanda.

Maneno yako hayakuniacha. Wiki moja baada ya mazishi nilifungua kompyuta yake.

Rusi, rasimu ishirini na nne. Kuanzia tarehe kumi na tatu Oktoba mpaka tarehe ishirini na mbili Machi, zote zimeandikwa, zote zimekamilika, zote zimekaa ndani. Hakuna iliyotoka hata moja. Kwenye ule ukurasa mpya ukibonyeza Chapisha, haichapishi. Pembeni inajitokeza sehemu nyingine inayouliza kama uko tayari, na hapo juu kuna neno lile lile, Chapisha, unatakiwa ulibonyeze tena. Baba alibonyeza mara moja. Na aliniambia! Mwezi Oktoba huo huo aliniambia kwamba siku hizi akibonyeza anaulizwa kama yuko tayari, kwamba hajawahi kuona adabu mbaya kama hiyo, na kwamba anaijibu kwa sauti: “Niko tayari, nisingekuwa tayari ningekubonyeza?” Halafu anafunga kompyuta. Nilicheka na hilo pia. Nililisimulia ofisini watu wakacheka.

Wala hakurudi kutazama. Unamjua alivyokuwa na tabia ya kiwandani: ukurasa ukishakazwa na kwenda mashineni hausomwi tena na aliyeupanga, maana atakachoona ni makosa tu na wakati wa kusahihisha umepita.

Sasa lisikie lile nililoshindwa kulisema simuni. Sikusoma hata moja. Tangu kabla ya Oktoba nilikuwa nimeacha kusoma, nimechoka na Kosta wa kinu, nimechoka na kisima. Nilimwambia nimesoma kwa sababu ndilo jibu lililokuwa fupi. Nilimwambia Mhispania amekuja bila kutazama. Ningefungua ukurasa ule mara moja tu, kwa dakika moja, ningeona kwamba hakuna kitu. Mara ishirini na nne aliniuliza na mara ishirini na nne nilimdanganya.

Na wewe uliniuliza. Ninao ujumbe wako wa Novemba kwenye simu, nimeusoma mpaka umenichoma: “Mzee ameacha kuandika?” Nilidhani unamtafutia kisa. Nikakujibu una simu, muulize mwenyewe. Nilijua hutauliza.

Baada ya kuona rasimu nilipatafuta pale mahali pa wageni, nikapapata chini ya vitu vingine vinne. Wajerumani waliacha kuja Novemba. Waingereza waliacha Desemba. Mgeni mmoja kutoka Hispania alikuja kila Ijumaa, mpaka Ijumaa ya mwisho kabla ya baba kufa. Alikaa sekunde chache, hakukuta kitu, akaondoka. Nililala sakafuni jikoni kwa baba nikalia kwa sauti mpaka Bibi Minka akaja na funguo zake.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea rasimu zote, nimezichapa kwenye karatasi. Ile ya tarehe mosi Machi nimeiweka juu. Utaisoma mwenyewe, lakini nakunukulia kidogo, ili usiifungue bila kujiandaa: “Kwa desturi mdogo humwendea mkubwa akaomba msamaha. Mimi nimezeeka na miguu yangu haifiki Zaragoza, kwa hiyo naanza mimi. Rusi, umesamehewa. Na wewe nisamehe yale ya langoni. Ule mkate niliutoa juu ya nguzo nikaula, sikumpa mbwa. Jumapili ya tarehe kumi na saba halua itakuwa juu ya meza. Njoo. /Usilete chochote./” Katikati ya maneno hayo kuna jedwali tupu la safu mbili. Alishindwa kuliondoa, na mimi sikuliondoa.

Kwa hiyo alikufa akiamini umesoma na bado hukuja. Na wewe ulisimama ukutani ukiamini amekufungia mlango. Mliyaamini yote mawili kwa neno langu. Ukurasa mpya ni mbaya, nimeutukana vya kutosha, lakini ungenidhuru nini kama ningesoma baba yangu ameandika nini?

Sijabonyeza kile kitufe cha pili. Zipo pale zote kama alivyoziacha. Ukija kwenye arobaini, ukae kwenye kiti chake uamue mwenyewe zitoke au zibaki. Usipokuja nitaelewa, na sitakuandikia tena mpaka uniandikie.

Mimi ndiye mkubwa wako, na kwa desturi wewe ndiye ungepaswa kunijia. Lakini baba ameshaipindua desturi, nami nafuata nyayo zake. Nisamehe, Rusi. Jibu lake unalijua, ni neno moja, na sikudai.

Msalimie Pilar, uwabusu mapacha kwa niaba yangu, uwaambie wana shangazi. Bibi Minka anarudia salamu zake. Funga mgongo wako vizuri, na usiendeshe ukiwa na usingizi.

Ni mimi dada yako,
Zdravka

Tena: Nilitaka kuiacha rasimu ya mwisho chini kabisa ya bahasha, lakini umefichwa mambo ya kutosha. Ni kisanduku kimoja tu, cha tarehe ishirini na mbili Machi, siku tano baada ya ile Jumapili. Ameandika: “Rusi hakuja. Njia ni ndefu, na huenda lori limempeleka kaskazini. Zdravka anasema amesoma, kwa hiyo anajua kwamba mlango uko wazi. Halua nimeifunga kwenye karatasi, haiharibiki. Tutaitundika tena mwakani.”